Kwa Nini Programu Yako Imenenepa? Habari za -g, strip na Diski Iliyojaa

Ninaishi na kufanya kazi Kabati. Kabla hujacheka ndugu msomaji, sisemi kabati la nguo. Kabati ni soko letu huku Kitui Magharibi, kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda mjini Kitui. Wenzangu niliosoma nao sayansi ya kompyuta, ambao wengi wao wako Nairobi, hupenda kuniambia kwamba nimejifungia kabatini. Basi leo jina hilo linanifaa, kwa sababu nataka tuzungumzie nafasi ya kuweka vitu, na vile vitu vinavyoijaza bila wewe kujua.

Swali lenyewe ni hili. Umeandika programu yako kwa C au C++. Msimbo chanzo wote hauzidi kilobaiti mia tatu. Unaikompaili, unatazama faili iliyotoka, unakuta megabaiti mia moja na zaidi! Imekula nini? Na ukiipunguza, unapoteza nini? Hili la pili ndilo ambalo wengi hawajiulizi, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na la kwanza.

Kompaila ni mfasiri. Inachukua maneno uliyoandika wewe na kuyageuza kuwa tarakimu ambazo prosesa inazielewa. Katika kufasiri, mambo mengi hutupwa. Prosesa haina haja ya kujua kwamba kigeu chako kinaitwa jumla_ya_kilo, wala kwamba amri fulani ilitoka mstari wa 212 wa faili ya mizani.cpp. Yenyewe inataka anwani na tarakimu tu. Kwa hiyo programu ikianguka, kompyuta inaweza kukuambia kwamba imeanguka kwenye anwani fulani ndefu yenye sifuri nyingi, basi. Hapo ni kama mtu akuambie ajali imetokea Kenya. Asante sana, lakini wapi?

Ndiyo maana kukawa na chaguo la -g. Ukiandika

gcc -g -o mizani mizani.c

unaiambia kompaila: tafsiri, lakini usitupe majina. Niwekee ramani. Kompaila inaweka ndani ya faili ileile sehemu za ziada ambazo zinaeleza kila amri imetoka mstari gani, kila fanksheni inaitwaje, kila kigeu ni cha aina gani na kinakaa wapi. Muundo wa ramani hiyo kwenye Linux unaitwa DWARF. Ulianzia Bell Labs katika miaka ya 1980 pamoja na Unix System V Release 4, na jina lake ni mzaha, kwa kuwa faili zenyewe za programu zina muundo unaoitwa ELF. Wasomaji wa hadithi za kizungu mtaelewa. Toleo la 5 la DWARF lilitoka 2017, na GCC imelitumia kama kawaida yake tangu toleo la 11 la mwaka 2021.

Ramani hii inaweza kuwa kubwa kuliko nchi yenyewe. Hasa kwenye C++, ambako faili moja ndogo inaita faili nyingine mia za maktaba, na kila aina ya data iliyoguswa huelezwa kwa kirefu. Programu yenye megabaiti kumi za amri halisi inaweza kubeba megabaiti mia za maelezo. Mfano mkubwa ni kiini cha Linux. Ukikijenga pamoja na maelezo ya kudibagi, faili ya vmlinux hufika mamia ya megabaiti, wakati ile picha iliyobanwa ambayo kompyuta huwaka nayo haizidi sana megabaiti kumi na kitu.

Sasa kuna imani moja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba -g hufanya programu iwe nzito na ya polepole. La hasha! Zile sehemu za ramani hazipakiwi kwenye kumbukumbu programu inapoendeshwa. Zimelala kwenye diski tu, zikisubiri dibaga ije izisome. Jaribu mwenyewe. Andika ls -l uone ukubwa wa faili, kisha andika size na jina la programu. Amri ya size huhesabu kile kinachoingia kwenye kumbukumbu, nayo itakupa tarakimu zilezile uwe umetumia -g au hukutumia. Kinachofanya programu iwe ya polepole ni -O0, yaani kutoboresha msimbo kabisa, na watu wengi huandika -g na -O0 pamoja, kisha lawama zote wanampa -g. Unaweza kabisa kuandika -g -O2 na ukapata programu ya kasi yenye ramani. Shida yake ni moja: baadhi ya vigeu vitakuwa vimeyeyuka katika uboreshaji na dibaga itakuambia haiwezi kukuonyesha thamani yake.

Haya, tufanye jaribio dogo. Programu ya kwanza ya kila mwanafunzi, ile ya kuchapa salamu kwenye skrini. Kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu, bila chaguo lolote, inatoka karibu baiti 16,000. Nikiweka -g inapita 17,000. Nikiipitisha kwenye strip, amri inayong'oa ramani na orodha ya majina, inabaki kama 14,500. Tumeokoa, sivyo?

Hebu uliza diski. Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hugawa diski katika vipande vya baiti 4,096, na faili haiwezi kuchukua nusu kipande. Ni kama kununua unga wa pakiti: huwezi kumwambia mwenye duka akukatie robo. Faili ya baiti 16,000 inachukua vipande vinne, yaani KB 16. Ile ya 14,500 nayo vipande vinne! Umeng'oa baiti elfu moja na mia tano na diski haikurudishiwa hata moja. Ile yenye -g ndiyo iliyoingia kipande cha tano, KB 20. Kwa hiyo kwa programu ndogo usijisumbue. Mchezo unaanza pale programu inapokuwa kubwa, au inapokuwa nyingi, au inapoishi mahali padogo.

Na huku kwetu inaishi mahali padogo. Nitawapa kisa.

Hapa sokoni kuna ghala linaloendeshwa na kikundi cha kina mama. Wananunua ndengu kutoka kwa wakulima, wanazipima, wanampa mkulima risiti, wanauza kwa jumla. Kitui ni nchi ya ndengu, msimu ukifika magunia yanajaa hadi barazani. Mizani yao ya umeme imeunganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile isiyozidi ukubwa wa kiganja, na diski yake ni kadi ya kumbukumbu ya GB 8. Mfumo huo waliuziwa na fundi mmoja kutoka mbali, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatumia matoleo mapya kwa intaneti, kwa bando la simu ya kikundi.

Programu ya fundi ilikuwa ya C++, na maktaba za kuchora skrini zimeunganishwa humohumo ndani. Ilikuja na ramani yote: MB 140. Kila toleo jipya liliposhuka, la zamani liliwekwa kando kwa usalama. Yakafika matoleo tisa. Piga hesabu: zaidi ya GB 1.2 kwenye kadi ambayo mfumo endeshi umeshakula sehemu kubwa. Siku moja ya soko kadi ikajaa, hifadhidata ikakataa kuandika, na mizani ikawa inapima bila kumbukumbu yoyote kubaki. Kina mama wakarudi kwenye daftari na kalamu.

Fundi akaja, akaiona shida, akafuta matoleo ya zamani, akaipitisha programu kwenye strip palepale kwenye kadi. Kutoka MB 140 ikashuka hadi MB 17. Kila mtu akafurahi. Na hadi hapo kazi yake ilikuwa nzuri, kwa maana nafasi ilipatikana kweli.

Miezi miwili baadaye, katikati ya msimu, programu ikaanza kuanguka. Si kila mara. Mzee mmoja alileta magunia mawili, yakawekwa pamoja juu ya mizani, kilo 181 na nusu, na skrini ikazima kabla risiti haijatoka. Ikawashwa, akapimiwa upya, ikazima tena. Mzee akaanza kuwatazama kina mama kwa jicho la pembeni. Unajua mkulima aliyesubiri mvua miezi yote hiyo hana haja ya kusikia habari za kompyuta. Anataka kilo zake.

Ndipo nikaitwa. Mama mwenye ufunguo wa ghala aliniambia hivi: "Mwanangu, mashine ikizima mara moja, watu huvumilia. Ikizima mara tatu, wanasema tunawaibia."

Nikatazama kumbukumbu za mfumo. Palikuwa na anwani ya mahali ilipoanguka. Nikaipa addr2line, amri ya kugeuza anwani kuwa jina la faili na namba ya mstari. Jibu: alama za kuuliza na sifuri. Ramani ilikuwa imeng'olewa, na nakala pekee iliyokuwa nayo ilikuwa ni ileile iliyopitishwa kwenye strip. Nikampigia fundi. Alinitumia msimbo chanzo bila kinyongo, lakini hakuwa na ile faili yenye ramani, na kompaila yake alikuwa ameshaibadilisha kuwa toleo jipya. Tukijenga upya, anwani zinahama. Ramani ya nyumba mpya haikuonyeshi mlango wa nyumba ya zamani.

Basi nikasoma msimbo kwa macho, jioni tatu. Mdudu alikuwa huyu. Mizani hutuma uzito kama maandishi, kwa mfano 90.5 kg. Hesabu herufi: saba, pamoja na nafasi iliyo katikati. Ongeza baiti moja ya sifuri ambayo C huitumia kufunga maandishi, zinakuwa nane. Na nafasi iliyotengwa kwenye programu ilikuwa baiti nane kamili. Gunia moja la kilo 90 na kidogo linaingia bila shida. Lakini magunia mawili yakipimwa pamoja ni 181.5 kg, herufi nane, na ile sifuri ya kufunga inakuwa ya tisa. Haina mahali, kwa hiyo inamwagikia kwa jirani. Na jirani kwenye kumbukumbu alikuwa ni kigeu kinachoshika anwani ya rekodi ya mkulima. Anwani ikaharibika kidogo tu, programu ikaendelea mbele kama kawaida, kisha ikaanguka mahali pengine kabisa, kwenye kuchapa risiti. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwona.

Kama ramani ingekuwepo, ingechukua muda gani? Dibaga ingeonyesha mstari ilipoangukia, ingeonyesha nani alimwita nani, na ingeonyesha kwamba anwani ya rekodi inaishia na sifuri za ajabu. Naamini ingekuwa kazi ya saa moja. Jioni tatu katikati ya msimu wa ndengu ni siku tatu za wakulima kuambiwa "leo tunaandika kwa daftari".

Umeona basi? Ramani ikiwa kwenye kadi, kadi inajaa na mauzo yanasimama. Ramani ikitupwa, programu inaanguka na hakuna ajuaye kwa nini. Watu wengi wanabishana kama programu itoke na ramani au bila ramani. Mimi nasema swali hilo limekaa vibaya. Ramani lazima iwepo. Kinachoulizwa ni ikae wapi. Anayeendesha programu haihitaji hata siku moja. Anayeihitaji ni mtengenezaji, naye ana diski kubwa nyumbani. Mzigo uende sokoni, ramani ibaki nyumbani.

Na kutenganisha si kazi. Jenga na -g kila mara, hata toleo la kumpa mteja. Kisha amri tatu:

objcopy --only-keep-debug mizani mizani.debug
strip --strip-debug mizani
objcopy --add-gnu-debuglink=mizani.debug mizani

Ya kwanza inatoa ramani na kuiweka kwenye faili yake. Ya pili inaing'oa kwenye programu. Ya tatu inaacha ndani ya programu kikaratasi kidogo kinachosema ramani yangu inaitwa mizani.debug. Siku dibaga ikifunguliwa na ramani ikawa karibu, vinakutana vyenyewe.

Jambo moja la kuzingatia: ramani ni ya ujenzi uleule, si wa jana wala wa kesho. Kwa hiyo usitegemee jina la faili peke yake. Programu nyingi za Linux hubeba alama ya utambulisho iitwayo build ID, na unaweza kuiona kwa readelf -n. Ikilingana kwenye programu na kwenye ramani, ni mtu na ndugu yake. Zisipolingana, usiamini lolote utakaloonyeshwa. Mimi huhifadhi kila ramani kwenye diski ya nje, folda moja kwa kila toleo, na build ID nimeiandika pembeni.

Kama hata diski yako mwenyewe ni ndogo, bado kuna njia. -g1 huandika ramani fupi, fanksheni na namba za mistari bila vigeu vya ndani, inatosha kujua wapi imeangukia. -gz hubana ramani. -gsplit-dwarf huiweka sehemu kubwa yake kwenye faili za pembeni tangu mwanzo wa kukompaili. Na -g3, ambayo huongeza hata makro, usiitumie ila una sababu.

Wanaoandika kwa lugha nyingine msidhani hayawahusu. Kwenye Rust, programu ya salamu iliyojengwa kama toleo kamili kwenye Linux ilikuwa inazidi MB 4, nyingi zikiwa ni ramani ya maktaba ya lugha yenyewe. Tangu toleo la 1.77 la Machi 2024 Cargo huing'oa yenyewe usipoiomba, na faili inashuka chini ya MB 1. Kwenye Go mnayo -ldflags="-s -w". Na ndugu zangu wa Android, ambao najua ni wengi: vifaa vya kujengea hung'oa ramani kwenye maktaba za C na C++ kabla APK haijafungwa, na R8 hufupisha majina ya Java na Kotlin kisha hukuachia faili ya mapping.txt. Hiyo ndiyo ramani yenu! Ukiifuta, ripoti ya kuanguka itakuambia kosa liko kwenye a.b.c, na hutajua huyo a ni nani.

Hata wakubwa hufanya hivyohivyo. Debian husambaza programu bila ramani, na ramani zinakaa kwenye pakiti za pembeni zenye jina linaloishia na -dbgsym, anayezihitaji anazichukua. Tangu 2019 kuna pia debuginfod, seva inayompa dibaga ramani kwa kuulizwa build ID tu. Wazo ni lilelile la amri zetu tatu.

Pale ghalani sasa nafasi ya maandishi ya uzito imeongezwa hadi baiti 32, na programu huangalia urefu kabla ya kunakili. Toleo jipya ni MB 17 na linashuka kwa bando dogo. Ramani yake ya zaidi ya MB 120 iko hapa kwangu, kwenye droo, na tangu tumrekebishe mdudu yule sijawahi kuifungua. Natumaini sitaifungua. Lakini siku mizani ikikosea tena mbele ya mkulima na gunia lake, sitamwambia mama yule asubiri jioni tatu.

Haya, kwa leo naishia hapa. Kabla hujalala, fungua folda ya mradi wako, andika ls -l kisha size, uone tofauti. Kama ni kubwa, usikimbilie strip. Kwanza tafuta mahali pa kuweka ramani.